Mwalimu afanye nini hasa kipindi cha insha?

Daftari48 ameuliza:

Habari za kazi, walimu wenzangu. Swali langu ni kwa wazoefu wa kufundisha uandishi.

Darasa lina wanafunzi 48 na vipindi viwili vya insha kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Utaratibu ni ule uliozoeleka: mada inaandikwa ubaoni, inaelezwa kwa dakika tano, wanafunzi wanaandika, madaftari yanakusanywa na kusahihishwa kosa kwa kosa, kisha yanarudishwa yakiwa na alama. Insha moja inakula kama dakika kumi, kwa hiyo seti nzima ni saa nane. Insha inayofuata makosa ni yale yale: upatanisho umevurugika, aya hazina wazo kuu, utangulizi ni wa kukariri.

Naomba kujua: mwalimu akishatoa mada, kazi yake ni ipi wakati wanafunzi wanaandika? Asahihishe kwa kiasi gani? Na hili la wanafunzi kusomeana kazi, linaendeshwaje bila kuishia kwenye kelele na "yako nzuri, na yangu nzuri"?

RasimuYaPili amejibu:

Pole na kazi, mwalimu. Saa nane ni nyingi, lakini kinachoumiza zaidi ni kwamba zote zinatumika wakati insha imeshakwisha. Mwanafunzi akirudishiwa daftari anatafuta alama, anaiona, anafunga. Masahihisho yako hayana pa kwenda kwa sababu hakuna rasimu nyingine ya kuyapokea. Kwa hiyo hamisha muda wako kwanza. Kazi kubwa ya mwalimu wa uandishi iko kabla ya kuandika na katikati ya kuandika.

Donald Murray, mwanahabari wa Marekani aliyegeukia kufundisha uandishi, alikadiria mwaka 1972 kwamba maandalizi ya kabla ya rasimu ya kwanza huchukua kama asilimia 85 ya muda wa mwandishi. Usiifanye tarakimu hiyo sheria, ila ilinganishe na zile dakika tano za kueleza mada.

Anza na mada yenyewe. "Andika insha kuhusu maji" haimwambii mwanafunzi anamwandikia nani wala kwa nini, ndiyo maana anakimbilia "Maji ni uhai". Mada iliyokamilika inataja msomaji, lengo na umbo: "Mwandikie mkuu wa shule barua ya kumshawishi aongeze muda wa kufungua maktaba, toa sababu mbili na ujibu pingamizi moja unalodhani atakuwa nalo." Hapo mwanafunzi ana mambo ya kuamua, na wewe una kitu cha kumuuliza akikwama.

Kipindi cha dakika 40 unaweza kukigawa hivi: 10 za mwalimu kuandika mbele ya darasa, 5 za wanafunzi kuelezana wawili wawili kwa mdomo watakachoandika, 20 za kuandika, 5 za kusikiliza aya moja au mbili zikisomwa.

Zile 10 za mwanzo ndizo walimu wengi huziruka, nazo ndizo zenye thamani kubwa. Usilete mfano uliokwisha kunyooshwa nyumbani. Andika hapo hapo huku unafikiri kwa sauti. Unaandika ubaoni, "Maktaba ni muhimu katika elimu." Kisha unasema: "Hili mkuu wa shule analijua tayari, halimsogezi popote. Nalifuta." Unaandika tena: "Maktaba hufungwa saa tisa, ilhali masomo huisha saa tisa na nusu." Unasema: "Sasa kaliona tatizo. Lakini atauliza nani atabaki na funguo. Nitamjibu aya ya tatu, ngoja niandike pembeni nisisahau." Darasa limekuona ukiandika, ukifuta na kupanga kwa ajili ya msomaji. Kwa mwanafunzi anayeamini kwamba mwandishi hodari hutoa sentensi safi mara ya kwanza, hilo ndilo somo lenyewe. Ukizidisha dakika 10, wanakuwa watazamaji na muda wao wa kuandika unaliwa.

Katika zile 20 za kuandika, dakika tano za kwanza usizunguke. Kaa, andika mada hiyo hiyo kimya. Ukianza kupita mapema, mikono inanyooshwa kabla mtu hajafikiri, na nusu ya maswali ni "mwalimu, hii ni sawa?" Baada ya hapo zunguka ukiwa na orodha ya majina, dakika mbili kwa kila mwanafunzi. Utafikia saba kwa kipindi, 14 kwa wiki, na darasa zima kwa wiki tatu na nusu hivi. Orodha ni muhimu kwa sababu bila hiyo utavutwa na wale wale wanaoita kwa sauti, na wakimya hawatakuona muhula mzima.

Mazungumzo yenyewe yana hatua chache. Keti au chuchumaa pembeni yake, usimsimamie kichwani. Kalamu ibaki mkononi mwake. Uliza, "Hapa unataka msomaji aelewe nini?" Mwache ajibu, mara nyingi jibu lake la mdomo ni bora kuliko kilichoko kwenye daftari, na kazi yako ni kusema, "Hicho ulichosema sasa hivi hakipo kwenye karatasi. Kiandike." Chagua jambo moja tu. Kabla hujaondoka, akuambie mwenyewe atafanya nini dakika inayofuata. Asipoweza kusema, hajakuelewa, hata kama ameitikia "ndiyo mwalimu".

Kinachoharibu hapa ni mwalimu kuchukua kalamu na kuandika sentensi. Insha inapendeza, lakini mwandishi amebadilika, na insha ijayo utaitwa tena uiandike.

Sasa maoni ya kwenye daftari. Nancy Sommers, aliyechunguza maoni ya walimu wa vyuo vikuu nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982, aligundua kwamba mengi yangeweza kuhamishwa kutoka insha moja kwenda nyingine bila mtu kugundua. "Fafanua zaidi", "panga mawazo", "angalia lugha". Chukua aya hii:

"Ushirikiano ni muhimu sana. Watu wengi wanapenda ushirikiano. Watu wasiposhirikiana kunatokea matatizo mengi. Kwa hiyo tushirikiane."

Ukiandika "fafanua zaidi", utaletewa sentensi ya tano inayosema yale yale. Andika hivi: "Umesema kunatokea matatizo mengi. Chagua moja. Nani alipata shida, na wenzake wangefanya nini ili isitokee?" Maoni ya namna hiyo hayawezi kubandikwa kwenye insha nyingine yoyote, na hicho ndicho kipimo chake. Mawili kwa insha yanatosha: moja la kumwonyesha mahali palipofanya kazi na kwa nini, jingine la kumpa kazi ya kufanya.

Bi Nukta amejibu:

Naongezea upande wa makosa ya lugha, maana hapo ndipo wino mwingi unapoishia.

Mwaka 1996 John Truscott alitoa hoja kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha za wanaojifunza lugha hakuna faida na kuachwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba masahihisho yaliyochaguliwa, yenye vipaumbele na yaliyo wazi yanaweza kusaidia, ingawa naye alikubali kwamba yakifanywa vibaya hayasaidii. Mimi niko upande wa Ferris, kwa masharti: rasimu ya pili tu, aina mbili za makosa tu, na mwanafunzi ndiye arekebishe.

Rasimu ya pili, kwa sababu ukinyoosha tahajia ya sentensi ambayo inapaswa kufutwa, mwanafunzi ataing'ang'ania kwa vile imeshawekwa sawa.

Kwanza tenga kosa la mkono na kosa la kutojua. Mwambie asome sentensi kwa sauti. Akisoma "matatizo haya" ilhali ameandika "matatizo hii", anajua kanuni, ameteleza tu. Hahitaji somo, anahitaji mazoea ya kusoma upya. Akisoma "matatizo hii" bila kushtuka, hapo pana jambo la kufundisha.

Kisha panga vipaumbele. La kwanza ni sentensi isiyokamilika, kwa sababu inampoteza msomaji: "Wakati mvua ilipoanza kunyesha na watu wakitafuta mahali pa kujificha." Msomaji bado anasubiri kuambiwa kilichotokea. Muulize mwanafunzi, "Wakati huo, nini kilitokea?" Jibu lake ndilo kishazi kikuu kinachokosekana. La pili ni upatanisho, kwa sababu kanuni moja ya ngeli inatibu makosa kumi: "vitabu yangu imepotea" inakuwa "vitabu vyangu vimepotea", na viti, vikombe na vyumba vinafuata njia hiyo hiyo. Tahajia kama "kwasababu", "ana kuja" na "zambi" iwekwe mwisho. Inaonekana haraka, ndiyo maana inatuvuta, lakini ni nadra kuharibu maana.

Alama za kutumia: weka nukta pembeni mwa mstari wenye kosa, nukta moja kwa kila kosa, bila kuligusa kosa lenyewe. Mwanafunzi alitafute kwa dakika kumi mwanzoni mwa kipindi. Asilolipata ndilo unalomwandikia herufi: U kwa upatanisho, S kwa sentensi, T kwa tahajia. Herufi zisizidi tano. Mfumo wa alama 15 ni lugha nyingine ya kujifunza juu ya ile anayojifunza. Kurasa za nyuma za daftari ziwe na safu tatu, nilivyoandika, usahihi wake, kanuni, naye azipitie kabla ya kukusanya.

Kosa likitokea kwa zaidi ya robo ya darasa, usiliandike mara kumi na mbili kwenye madaftari kumi na mbili. Chukua sentensi sita kutoka insha zao, badilisha maneno mawili matatu ili mwenyewe asitambulike, ziandike ubaoni, mzirekebishe pamoja kwa dakika kumi.

Na kuhusu utangulizi wa kukariri: tuangalie tunachokipa alama. Mwanafunzi akiandika "Mzee alikaa kimya akitazama barabara", mwalimu akafuta na kuandika juu yake "alitulia tuli kama maji ya mtungini", darasa zima limejifunza kwamba pambo lililokopwa linashinda kitu alichokiona mtu kwa macho yake. Insha ijayo ndege wataimba na jua litachomoza, hata kama mada ni barua ya kuomba kazi. Tashbihi na methali ni mali ya lugha yetu na zifundishwe, lakini swali la kumuuliza mwanafunzi ni "hapa inamwonyesha msomaji nini?"

Kiunzi amejibu:

Nakubaliana na mengi ya waliotangulia, ila nina wasiwasi na pale mwalimu anapobaki kuuliza maswali tu. Mwanafunzi aliyelelewa kati ya vitabu anajua barua ya kushawishi inakwendaje, ukimuuliza "msomaji aelewe nini?" ana pa kuchota. Asiyewahi kuisoma hata moja hana. Kwake huyo, ukimya wa mwalimu ni kunyimwa. Miundo ifundishwe waziwazi.

Kule Australia, kuanzia miaka ya 1980, kina Jim Martin na Joan Rothery walijenga mbinu inayofaa sana hapa, yenye hatua tatu: kuchambua matini ya mfano, kuandika pamoja, kisha kuandika peke yako.

Mfano uwe mfupi, maneno 150 hadi 200, na iwe miwili ya aina moja. Ukileta mmoja wataunakili; ukileta miwili wanalazimika kutafuta kinachofanana. Waulize kila aya inafanya kazi gani, si inasema nini. Mtapata kiunzi: dai, sababu, ushahidi, jibu la pingamizi.

Kuandika pamoja ni hatua ya katikati kati ya onyesho la RasimuYaPili na mwanafunzi peke yake. Mwalimu anashika chaki, wanafunzi wanatoa sentensi. Mtu akisema "maktaba inafungwa mapema", usiipokee na usiikatae, uliza darasa, "Mapema kiasi gani? Tuiwekeje ili mkuu wa shule asibishe?" Sentensi ikibadilishwa mara mbili ubaoni, hapo kuna kujifunza. Linaloharibika mara nyingi ni kwamba watatu wale wale ndio wanaosema. Dawa yake: kila sentensi ijadiliwe wawili wawili kwa sekunde 30, kisha uchague wewe wa kujibu.

Mkimaliza, futa ubao. Acha kiunzi tu. Usipofuta utasahihisha barua moja mara 48.

MsomajiWaKwanza amejibu:

La kusomeana kazi: kelele na "yako nzuri" vinatokana na kutokuwa na kazi maalumu. Ukisema "msahihishie mwenzako", atawinda tahajia, na nusu ya masahihisho yake yatakuwa makosa mapya.

Vikundi vya watatu watatu, dakika tano kwa kila karatasi. Mwandishi hasomi kazi yake. Inasomwa kwa sauti na mwenzake, naye anasikiliza. Popote msomaji anapojikwaa au kurudia mstari, mwandishi anaweka alama ya penseli. Kisha msomaji anasema kwa sentensi moja, "Nimeelewa kwamba unasema…", na wa tatu anauliza maswali mawili ya kitu ambacho kweli anataka kukijua. Mwandishi haruhusiwi kujitetea, anaandika tu maswali. Akianza kueleza "nilimaanisha hivi", maelezo hayo yanabaki hewani wakati yalitakiwa kwenye rasimu.

Watatu ni afadhali kuliko wawili, kwa sababu mmoja akiwa hajaandika chochote bado kuna karatasi mbili za kufanyia kazi. Na fanya onyesho mbele ya darasa kwanza ukitumia rasimu yako mwenyewe, waone kwamba karatasi ya mwalimu nayo inaulizwa maswali.

Daftari48 ameandika:

Asanteni sana, hapa nimepata vya kutosha kwa muhula mzima. Yamebaki mawili. Kwanza, mtihani unataka insha iandikwe kwa mkupuo mmoja. Je, rasimu mbili hazimpotoshi mwanafunzi? Pili, wakuu wanapokagua madaftari wanataka kuona kazi imesahihishwa na ina alama. Nukta za pembeni wataziona kama uvivu.

RasimuYaPili amejibu:

La mtihani: hatua ni zile zile, zinabanwa tu. Katika dakika 40, saba ni za kupanga, 27 za kuandika, sita za kusoma upya. Mwanafunzi aliyezoea rasimu mbili anajua afanye nini na hizo saba na hizo sita. Asiyezoea huanza kuandika dakika ya kwanza na kukwama dakika ya 15. Mwanzo wa muhula insha moja ichukue wiki mbili, katikati wiki moja, na wiki za mwisho vipindi vya mkupuo mmoja kwa muda uliopimwa. Katika mpango wa dakika saba wasiandike utangulizi. Waandike msomaji ni nani, mambo matatu ya kusema, na la mwisho watakalomwachia. Dakika sita za mwisho wasome kwa kunong'ona, wakitafuta yale makosa mawili yaliyoko kwenye safu zao za nyuma ya daftari, si makosa yote duniani.

La alama: rasimu ya kwanza isipewe alama kabisa. Utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, ingawa kazi zake hazikuwa insha, ulionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri, na waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi waliopewa alama tupu. Alama huyafunika maoni. Ipe rasimu ya mwisho.

La saa nane: kwa kila insha, sahihisha kwa ukamilifu madaftari 12, dakika kumi kila moja, na mengine 36 uyape maoni yale mawili, dakika mbili kila moja. Ni dakika 120 na 72, yaani saa tatu na dakika 12. Insha ya pili unachukua 12 wengine. Baada ya insha nne kila mwanafunzi amesahihishiwa kikamilifu mara moja na amesomwa mara nne.

Kwa wakaguzi, bandika kwenye jalada la ndani la kila daftari karatasi ndogo inayoeleza nukta na herufi, na juu ya kila rasimu andika tarehe na aina mbili za makosa zilizoangaliwa: "Rasimu ya 2: S na U". Mkaguzi akifungua anakuta mpango, na rasimu mbili ziko kurasa zinazoelekeana, ya kwanza kushoto, ya pili kulia, aone kilichobadilika.

Tahadhari moja kwa insha ya kwanza. Ukisema "andikeni upya", wengi watanakili rasimu ile ile kwa mwandiko mzuri zaidi. Hawakaidi, hawajawahi kuona kuandika upya kunafananaje. Kwa hiyo mara ya kwanza usiombe insha nzima. Omba aya ya pili peke yake, daftari la rasimu ya kwanza likiwa limefungwa, na swali la msomaji likiwa limeandikwa juu ya ukurasa mpya.

Bi Nukta amejibu:

Na wenye mwandiko wa taabu waruhusu kukata na kuongezea juu ya rasimu ile ile kwa kalamu ya rangi nyingine. Kunakili kurasa mbili kunawachosha kabla hawajafika kwenye sentensi iliyotakiwa kubadilika.